Mzee Ojwang' Tuliyemjua Kaloleni, na Benson Wanjau Tusiyemjua

Mwezi uliopita mtoto wa dadangu, aliyezaliwa na kulelewa Kisauni, alinitumia video fupi kwenye simu. Mzee mmoja aliyevaa miwani na tai anabishana na mkewe, anajitetea, anapandisha sauti, kisha anashindwa kama kawaida yake. Video haikuwa na jina la mtu wala la kipindi. Kijana aliniuliza huyu mzee ni nani. Nikamwambia ni Mzee Ojwang'. Akaniuliza kama yu hai bado, na kama huyo mama ni mkewe kweli. Nikaona maswali hayo hayajibiki kwa ujumbe wa simu, ni heri nikae niandike.

Kwanza niwaeleze wasomaji nilikomjulia. Nikisema nimekulia Kaloleni, watu wa pwani hudhani ninasema Kaloleni ya Kilifi, ile ya minazi, ukipita Mariakani. Kigiriama chenyewe kinalieleza jina hilo: ni kuwaambia watu waende wakaone. Mimi ninasema Kaloleni ya Nairobi, mtaa ulio kando ya barabara ya Jogoo, jirani na Makongeni. Serikali ya kikoloni iliujenga miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na wazee wa mtaa walitusimulia kuwa mikono iliyojenga ilikuwa ya wafungwa wa vita wa Kitaliano. Ni nyumba za chini, zenye nafasi na miti, na katikati kuna ukumbi ambamo wanasiasa wa kudai uhuru, Tom Mboya akiwa mmoja wao, walihutubia.

Babangu alitoka Mombasa kwenda kuwa karani wa bohari katika eneo la viwanda. Tulipata chumba Kaloleni tukawa Waswahili wa kuhesabika kwa vidole katikati ya Wajaluo na Waluhya wengi. Mamangu alipika mahamri na mbaazi asubuhi za Jumapili, na harufu ikatutambulisha kabla hatujajitambulisha. Hatukuwa na televisheni. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mjaluo aliyefanya kazi ya ufundi wa mitambo, alikuwa nayo, ya rangi mbili, nyeupe na nyeusi. Kipindi cha Vitimbi kikikaribia, watoto wa safu nzima tulivua viatu mlangoni kwake tukaketi sakafuni, wakubwa wakakaa nyuma yetu kwenye viti na vitanda.

Vijana wa leo wana idhaa nyingi hata hawajui pa kusimama. Sisi tulikuwa na moja. Televisheni iliingia Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ililichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 kituo kikafunguliwa hapa Mombasa. Mwaka 1989 jina likarudi kuwa KBC. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990 hapakuwa na pengine pa kuhamia. Kwa hiyo mtu aliyeonekana kwenye kile kioo alionekana na taifa zima kwa wakati mmoja. Kipanga na Mzee Pembe walikuwa wametangulia katika kuwachekesha Wakenya. Kisha ikaja miaka ya 1980, ikaja na Vitimbi, na ndani ya Vitimbi akaja Mzee Ojwang' Hatari.

Ojwang' alikuwa mzee wa nyumba, mbishi, mwepesi wa hasira, mwingi wa mipango isiyofika. Mkewe Mama Kayai alimjua mpaka kwenye mifupa. Walikuwepo pia Masaku, Othorongo Danger na wengine, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Wale wale uliwaona pia katika Vioja Mahakamani, ambamo ugomvi wa mtaani ulifikishwa mbele ya hakimu, nako Ojwang' hakukosa kufika. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa mambo madogo: pesa, chakula, mgeni, uongo uliopitiwa na wakati. Lakini ulikuwa ugomvi wetu. Mama wa Kaloleni akimwona Mama Kayai amejishika kiuno alijua ni kitu gani kinafuata, kwa sababu na yeye hujishika vivyo hivyo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na mtu mmoja aliyekipinga kipindi hicho, naye ni babangu. Hakukataa kucheka, bali alikataa Kiswahili. Alikuwa na imani kwamba lugha hii ni amana, na kila ngeli iliyovunjwa kwenye kile kioo ilimuuma kama sahani iliyovunjwa jikoni. Ojwang' alizungumza Kiswahili cha Mjaluo aliyekuja mjini akiwa mtu mzima: sauti ya sh ikawa s, vitu na watu vikabebeshwa kiambishi kimoja, sentensi ikaanza huku ikaishia kule. Babangu, akiwa kwenye kiti cha nyuma, alisahihisha kwa sauti ya chini. Watu wakacheka mara mbili, kwanza Ojwang' kisha babangu.

Na mimi nikajifunza vibaya kutoka kwa wote wawili. Kwa Ojwang' nikachukua lafudhi, kwa babangu nikachukua kiburi. Nikawa hodari wa kumwigiza Mzee Ojwang' shuleni na uwanjani. Siku moja, nikiwa na miaka kama kumi, nilimwigiza nyumbani kwa jirani huyo huyo, mbele ya televisheni yake iliyozimwa. Niliigiza vizuri. Watoto walicheka. Kisha nikaona mwenye nyumba hacheki. Alikuwa ametoka kazini, amekaa anakunywa chai, na ile lafudhi niliyokuwa nikiichezea ilikuwa yake, ndiyo aliyotumia kila siku kutukaribisha ndani. Hakunigombeza. Aliweka kikombe chini akatoka nje.

Mamangu alipopata habari alinituma niende nikaombe radhi, na niende peke yangu. Alinikumbusha ule msemo wa wazee kwamba mcheka kilema hafi bila kumfika, kisha akaongeza kwamba kusema lugha ya ugenini si kilema hata kidogo, ni bidii. Nikaenda. Jirani alinisamehe kabla sijamaliza. Lakini swali lilibaki nami kwa miaka mingi: kwa nini Ojwang' akisema hivyo jirani yangu alicheka mpaka machozi, na mimi nikisema vile vile alinyanyuka akatoka?

Nilidhani nimelijibu. Nilijiambia kuwa Ojwang' ni Mjaluo mwenzake, na mtu ana ruhusa ya kuwacheka watu wake. Jibu hilo lilinitosha mpaka siku babangu aliporudi na gazeti lililotaja jina la kweli la mwigizaji yule. Aliitwa Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu.

Jirani yetu alikataa katakata. Alisema gazeti limekosea, kwani mzee yule anajua mpaka namna ya kunyamaza ya Kijaluo. Kwa siku kadhaa jambo hilo lilijadiliwa pale mtaani kama habari ya bunge. Babangu naye alinyamaza, na aliponena alinishangaza. Alisema kwamba mtu anayeweza kuivunja lugha kwa utaratibu ule, akavunja pale pale kila wiki bila kupotea, lazima awe anaijua ikiwa nzima. Tangu siku hiyo hakumsahihisha tena Ojwang'.

Wanjau alizaliwa mwaka 1937, wakati wa ukoloni. Alikuwa mtu mzima wakati kioo kilipomfanya maarufu, si kijana aliyevumbuliwa. Fikiria kazi aliyojipa. Mkikuyu ana matamshi yake yanayomtambulisha, hasa ile r na ile l, nami sikumbuki kuyasikia kwa Ojwang' hata siku moja. Ilibidi ayafiche yake, kisha avae ya mwingine, kisha ndani ya hayo achekeshe, agombane, akasirike na kutubu. Alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Watu walimwita Ojwang' barabarani. Wengi waliamini kwamba Mama Kayai, ambaye jina lake ni Mary Khavere, ni mkewe wa ndoa. Si kweli. Walikuwa wafanyakazi wawili waliokutana kazini, wakaifanya kazi vizuri mpaka nchi nzima ikawafungisha ndoa.

Nilipokuwa mkubwa nilielewa tofauti kati ya mchezo wake na mchezo wangu. Mimi nilichukua lafudhi tupu, nikaiacha ikining'inia hewani ichekwe. Wanjau aliitia ndani ya mtu. Ojwang' alikuwa na nyumba, na mke, na heshima anayoipigania, na aibu anayoikimbia. Ulicheka tabia zake, si kabila lake. Jirani yangu alijiona mle akiwa mzima. Kwangu alijiona amekatwa ulimi.

Jambo hili si letu peke yetu. Wasomaji wa rika langu watakikumbuka kipindi cha Kiingereza kilichoonyeshwa kwetu pia, Mind Your Language, cha mwandishi Vince Powell. Mwalimu kijana anafundisha Kiingereza darasa la usiku jijini London, na wanafunzi wake ni Mpakistani, Singasinga, Mtaliano, Mfaransa, Mchina, Mjapani, Mgiriki na wengineo, kila mmoja akikikosea Kiingereza kwa njia ya kwao. Kilitengenezwa vipindi 29 kati ya 1977 na 1979, kisha kikasimamishwa. Sababu iliyotolewa ni kwamba kinawadhalilisha wageni. Huku kwetu tulikipenda, pengine kwa kuwa sisi sote tulikuwa wanafunzi wa darasa lile. Lakini tofauti ipo. Kule mwenye lugha alikuwa mwalimu, na wote wengine walikosea mbele yake. Katika Vitimbi hapakuwa na mwalimu. Kila mtu alikosea, na kila mtu alieleweka.

Aliyeigiza mwalimu yule, Barry Evans, namtaja kwa sababu nyingine. Alizaliwa mwaka 1943, akalelewa katika nyumba za mayatima, akapata ufadhili wa kusomea uigizaji, akawa nyota. Sura yake iliuzwa nchi nyingi duniani. Kisha kazi zikakauka. Aliishia kuendesha teksi huko Leicestershire. Februari 1997 polisi walifika nyumbani kwake kumwarifu kwamba gari lake lililoibwa limepatikana, wakamkuta amekufa. Alikuwa na umri wa miaka 53. Nikimfikiria dereva yule wa teksi, na abiria wake wakitazama kioo cha mbele wakijaribu kukumbuka walikoiona sura hii, namkumbuka Wanjau.

Kabla sijafika huko nitaje mwaka 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu ilipasuka, watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi majirani wa miaka mingi waliulizana majina ya ukoo. Mimi nilikuwa nimesharudi pwani, lakini wazazi wangu walikuwa bado Kaloleni. Nilipiga simu kila jioni. Babangu alinieleza kwamba kuna wapangaji Wakikuyu waliohama usiku, na wengine waliofichwa na majirani Wajaluo. Yule jirani wetu alikuwa mmoja wa waliofungua mlango. Nami sikuacha kufikiri juu ya mzee mmoja Mkikuyu mjini humo humo, aliyeitwa Ojwang' na kila mtu, na aliyelibeba jina hilo kwa upendo kuliko wengi waliozaliwa nalo. Siku zile jina lilitosha kumponya mtu au kumuua. Yeye alikuwa na mawili.

Sasa nije kwenye mwisho wake, kwa sababu kijana wangu aliuliza kama yu hai.

Miaka yake ya mwisho macho yalimsumbua mpaka kuona kukawa shida. Habari zilipotoka, Wakenya walichanga ili atibiwe, akafanyiwa upasuaji. Nakumbuka hapa Mombasa, kwenye baraza la kahawa, kofia ilizungushwa. Walitoa watu wazima, na walitoa pia vijana waliomjua kupitia kwa wazazi wao. Nilitoa nami. Nilipokuwa nikitoa nilihisi fahari, na nilipofika nyumbani nikahisi aibu. Fahari kwa sababu tumemkumbuka. Aibu kwa sababu mtu aliyefanya kazi mbele ya macho ya nchi nzima kwa miaka 30 hakupaswa kufika mahali pa kuzungushiwa kofia ili aone.

Alifariki Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, baada ya kuugua homa ya mapafu. Alikuwa na miaka 78. Nairobi wakati huo ilikuwa ikipakwa rangi na kupandwa nyasi kwa ajili ya Rais Barack Obama, aliyefika tarehe 24 mwezi huo. Viongozi walituma rambirambi, magazeti yakaweka picha yake mbele. Jirani yetu wa Kaloleni, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwao karibu na ziwa, alinipigia simu. Tulikuwa hatujazungumza tangu matanga ya babangu. Hakumtaja Wanjau. Alinipa pole kwa msiba wa Ojwang', kama mtu anavyompa pole mtu wa nyumba moja, na mimi nikampa yake. Kisha akanikumbusha ile siku ya chai. Alicheka. Nilikuwa nimengoja kicheko hicho tangu nikiwa na miaka kumi.

Zaidi ya miaka 10 imepita. Vipande vya Vitimbi vinazunguka kwenye YouTube na kwenye simu zetu. Kila kikirushwa upya, kicheko kinarudi, lakini waigizaji wa kizazi kile wamelalamika hadharani mara nyingi kwamba malipo hayarudi. Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika kazi yake, na kuliundwa chama, PRISK, cha kukusanya malipo ya waigizaji na waimbaji. Lakini sheria iliyotungwa mwaka 2001 ilimkuta Wanjau ameshafanya kazi miaka mingi, na haki isiyolipika ni kama mtumbwi usio na kafi. Asante ya punda ni mateke, wanasema. Asante yetu kwa wachekeshaji imekuwa mchango wa hospitali.

Na tusidhani hilo ni la Nairobi peke yake. Hapa pwani tuna waigizaji wa majukwaani na wa redio, tuna waimbaji wa taarabu walioimba harusi za babu zetu, na habari zao tunazipata wakishalala kitandani. Kamati za matibabu tunajua kuziunda kwa haraka sana. Mkataba wa maandishi, wa kumlipa mtu kila kazi yake inapouzwa, hatujui hata unaandikwa vipi. Nasema hivi nikijijumuisha. Nimewahi kuwaita wachekeshaji katika sherehe ya nyumbani kwangu nikawalipa sahani ya biriani na nauli, nikajiona nimefanya wema.

Kwa hiyo nimemjibu mtoto wa dadangu. Nimemwambia kwamba mzee huyo alikufa, kwamba aliitwa Benson Wanjau, kwamba mama yule ni Mary Khavere na hakuwa mkewe, na kwamba kipindi ni Vitimbi. Nimemwomba akiituma video hiyo kwa wenzake ayaandike majina hayo chini yake. Ni kazi ya dakika moja, na haimlipi mtu hata shilingi. Lakini mtu asiye na jina hakuna anayeuliza kama alilipwa.

Kijana alinijibu kwa swali jingine. Anataka kujua Mkikuyu aliwezaje kuwa Mjaluo kiasi kile. Nimemwambia akija likizo nitampeleka Kaloleni, ile ya Nairobi, nimwonyeshe mlango wa pili kutoka kwetu tulipokuwa tukivulia viatu. Akaone.